Dafina ya Hoxne na Fungu la Mwenye Shamba

Neno dafina liliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni kule kuzika. Kwa hiyo anayelitamka husema mambo mawili kwa mara moja: kwamba chini ya ardhi kuna kitu cha thamani, na kwamba yupo mtu aliyekilaza huko kwa mikono yake, kama alazwavyo maiti. Tofauti ni kwamba maiti huzikwa akae, na mali huzikwa irudiwe. Tofauti hiyo, ambayo kwa mshairi ni jambo la fikra tu, kwa karne nyingi mahakama za Uingereza ziliifanya kuwa sheria. Dhahabu au fedha iliyofichwa kwa nia ya kurudiwa, na mwenyewe hajulikani, ilikuwa mali ya mfalme. Iliyozikwa kwa kuagana nayo ilikuwa ya mwenye ardhi. Hukumu ya mali iliyotoka udongoni leo ilitegemea nia ya mtu aliyekufa miaka elfu moja na mia kadhaa nyuma, naye hakuacha wasia.

Jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza, limeziona hukumu zote mbili. Mwaka 1939 bibi mmoja, Edith Pretty, alimwajiri Basil Brown, mwanaakiolojia aliyejisomesha mwenyewe, afukue vilima vya makaburi ya kale vilivyokuwa katika ardhi yake huko Sutton Hoo. Brown akakuta alama za jahazi la mita 27 lililozikwa ardhini. Mbao zake zimekwisha oza, misumari yake imebaki safu kwa safu. Ndani ya jahazi hilo wataalamu walitoa vitu vya dhahabu na fedha vya mtu mkubwa wa karne ya 7. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ukafanywa uchunguzi wa kisheria, ikaonekana kwamba mali ile ilizikwa kwa mazishi, mbele ya watu, wala hapakuwa na aliyekusudia kuirudia. Yote ikawa ya Bibi Pretty, naye akaitoa yote hiba kwa jumba la makumbusho la British Museum, London. Brown alikuwa na ujira wake wa kufukua. Zaidi ya hapo sheria haikumjua.

Miaka 53 baadaye, katika jimbo lile lile, mizani ilielemea upande wa pili.

Ilikuwa tarehe 16 Novemba 1992, karibu na kijiji cha Hoxne. Peter Whatling, mkulima, alikuwa amepoteza nyundo shambani, akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mtunza bustani mstaafu, aje kumsaidia kuitafuta. Lawes alikuwa na kifaa cha kugundulia metali, kile chombo chenye mpini mrefu na duara chini yake ambacho hupitishwa juu ya udongo na kulia kikikaribia chuma, shaba, fedha au dhahabu. Kifaa kikalia. Pale alipotazamia nyundo, Lawes akatoa vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu, na sarafu juu ya sarafu.

Wengi wangechimba hadi usiku. Lawes alitoa vitu vichache, akauacha mkono. Yeye na Whatling wakapeleka habari polisi na kwa mwenye ardhi. Kwani Whatling hakuwa mwenye ardhi hasa bali mpangaji, na shamba lenyewe lilikuwa mali ya Halmashauri ya Suffolk. Kesho yake wakaja wanaakiolojia wa jimbo, wakaifukua dafina yote kwa siku moja, na sehemu nyingine wakazibeba na udongo wake kama mabonge, zikafunguliwe taratibu maabara.

Thamani ya kule kujizuia haipimiki kwa ratili. Kitu kikiwa mahali pake ardhini kina majirani: kilicho juu yake, kilicho chini yake, kilichokizunguka. Kikichopolewa hubaki kitu tu. Kwa sababu udongo wa Hoxne haukuvurugwa, wataalamu waliweza kujua kwamba mali ile ilipangwa katika kasha la mti lililokwisha oza, na kwamba ndani ya kasha hilo mlikuwamo vikasha vidogo, na vitambaa, na majani makavu ya kukingia vyombo visigongane. Mtu aliyeyapanga hayo hakuwa na haraka. Alifanya kama mtu anayefunga mizigo yake akijua ataifungua mwenyewe.

Alichokizika kilikuwa sarafu karibu 15,000, mia tano na ushei kati yake za dhahabu, na vitu mia mbili hivi vya fedha na dhahabu: vijiko, upawa, mikufu, bangili, pete. Sarafu za mwisho ni za miaka ya 407 na 408, siku ambazo utawala wa Rumi katika kisiwa cha Britania ulikuwa ukikatika. Nyingi za fedha zimechongwa kingo, ishara ya nchi isiyoletewa tena sarafu mpya, ambamo watu walijikatia vipande vya fedha katika zile zilizokuwapo. Bangili moja ya dhahabu imetobolewa tobo tobo ikafanya herufi, na herufi zinamtakia bibi aitwaye Juliana aivae kwa furaha. Jina jingine, Aurelius Ursicinus, limeandikwa katika vijiko na miiko kadhaa. Hakuna ajuaye kama wawili hao walijuana, wala kama mmoja wao ndiye aliyeshika jembe la kufukia.

Vikebe vinne vya fedha vilikuwa vya kutilia viungo vya thamani, pilipili manga hasa. Kimoja kina umbo la bibi wa kifahari, kiwiliwili tu, na chini yake mna kibamba cha kuzungusha ili pilipili inyunyizike kidogo kidogo. Hapa msomaji wa pwani ataona jambo lake. Pilipili ile iliota Malabar, ikavuka bahari ile ile inayopiga fukwe za Unguja na Lamu, kwa jahazi zilizongoja upepo wa kusi zikaenda na wa kaskazi zikarudi, hadi bandari za Bahari ya Shamu, na kutoka Misri ikasafiri mpaka ncha ya kaskazini ya dola ya Rumi. Waswahili waliiita ya Manga, kwa jina la nchi ya Waarabu walioileta, si kwa jina la Wahindi walioipanda. Kila mlaji humjua yule aliyempa mkononi.

Basi mali ilikuwa ya nani? Mwezi wa Septemba 1993 uchunguzi wa kisheria ulifanyika mjini Lowestoft. Kasha lililopangwa vile haliwezi kuwa limedondoka njiani, wala hapakuwa na kaburi. Lilifichwa ili lirudiwe. Kwa hiyo likawa la ufalme. Desturi ilikuwa kwamba mgunduzi aliyetoa habari mara moja, bila ya kuficha, hutunzwa tuzo inayolingana na bei ya soko, na mwezi wa Novemba kamati ya tathmini ikaitaja bei hiyo: pauni milioni 1.75. Mtunzwa alikuwa Lawes peke yake. Mwenye ardhi hakuwa na fungu. Mkulima aliyelima shamba lile, aliyelifungua lango, na ambaye nyundo yake ndiyo iliyokuwa sababu ya yote, hakuwa na fungu.

Lawes akagawana na Whatling.

Sheria haikumtaka afanye hivyo. Inawezekana kulieleza jambo hilo kwa urafiki tu, na maelezo hayo hayatakuwa ya uongo. Lakini ndani yake mna hoja ambayo wanasheria walichelewa kuiona. Ruhusa si kitu kitupu. Anayemruhusu mwenzake kupita shambani kwake na kifaa ametoa sehemu ya kile kitakachopatikana, ingawa wote wawili hawajui kitapatikana nini, na huenda kisipatikane kitu. Aliyeingia bila ya ruhusa huitwa mvamizi. Aliyeingia kwa ruhusa huitwa mgunduzi. Tofauti ya majina hayo mawili imo mikononi mwa mtu wa tatu aliyebaki nyumbani. Lawes, zaidi ya hayo, hakwenda shambani kutafuta mali yake. Alikwenda kutafuta mali ya mwenzake.

Cha ajabu ni kwamba kanuni aliyoifuata ilikuwa ya kale kuliko sarafu alizozifukua. Kaizari Hadrian, aliyetawala Rumi tangu mwaka 117 hadi 138, aliamua kwamba anayekuta dafina kwa bahati katika ardhi ya mwingine ataigawa nusu kwa nusu na mwenye ardhi. Makaizari waliofuata waliigeuza mara kwa mara, mpaka Justinian alipoirudisha katika kitabu cha sheria cha mwaka 533. Sharti la bahati ni la kuangaliwa vizuri: nusu ilikuwa ya aliyekuta, si ya aliyekusudia kuchimbua ardhi ya watu. Mtu aliyekwenda kutafuta nyundo angepita katika sharti hilo bila ya taabu.

Watu wa pwani nao wana kipimo chao. Katika fikihi mali iliyozikwa zama za kabla ya Uislamu huitwa rikazi, na hutolewa humo khumusi, yaani sehemu moja ya tano. Kisha wanazuoni wakahitilafiana juu ya zile nne zinazobaki zikipatikana katika ardhi ya mtu mwingine, kwamba ni za aliyekuta au za mwenye ardhi. Mali yenye alama za Kiislamu haihesabiwi rikazi bali kiokotwa, ambacho hutangazwa, kwani huenda mwenyewe yupo. Kwa kipimo hicho zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizopatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zenye majina ya watawala Waislamu wa karne ya 10 na ya 11, zingekuwa kiokotwa, ijapokuwa wa kuitikia tangazo hilo wamelala siku nyingi. Hilo laonesha tu kwamba suala la Hoxne si geni visiwani, na kwamba hata fukaha hawakulikata kwa jibu moja.

Uingereza ilikata lake mwaka 1996. Sheria ya Dafina ya mwaka huo, iliyoanza kutumika Septemba 1997, iliondoa ulazima wa kukisia nia ya wafu kwa vitu vingi, ikaweka siku 14 za kutoa habari, na ikaruhusu tuzo igawiwe kati ya mgunduzi, mpangaji wa shamba na mwenye ardhi. Desturi iliyokaa ni nusu kwa nusu kati ya mgunduzi mwenye ruhusa na mwenye ardhi, isipokuwa wamekubaliana vingine. Aliyeingia bila ya ruhusa huweza kupunguziwa au kunyimwa kabisa. Alilolifanya Lawes kwa hiari mwaka 1993 likawa utaratibu wa wote.

Utaratibu, hata hivyo, haugawi mioyo. Mwaka 2009 katika shamba moja la Staffordshire ilipatikana dhahabu nyingi ya Waanglo-Saksoni, ikathaminiwa pauni milioni 3.285, na mgunduzi na mwenye shamba wakapewa nusu nusu kama ilivyo desturi. Magazeti yakaja kuandika kwamba wawili hao wamekosana. Mwaka 2015 watu wawili walifukua dafina katika shamba la Herefordshire, wasimwambie mwenye shamba wala serikali. Yaaminika zilikuwamo sarafu 300 hivi. Zilizopatikana ni thelathini na moja tu, nyingine zimetawanyika. Walihukumiwa kifungo mwaka 2019. Mwenye shamba aliibiwa nusu yake, lakini hasara kubwa ilikuwa ya historia, kwani sarafu zile ni za wafalme wa karne ya 9 ambao habari zao ni chache, na kila moja iliyopotea ni ushahidi uliopotea. Ndiyo maana waangalifu siku hizi hutiliana saini kabla kifaa hakijagusa udongo: nani ana ruhusa, katika mipaka ipi, na kikipatikana kitu kitagawiwa vipi.

Lawes alifariki mwaka 2015. Dafina ya Hoxne imo British Museum, na kikebe cha yule bibi wa fedha hutazamwa na watu wengi kuliko walivyopata kukitumia wenyewe. Wanaakiolojia walioupekua udongo mita 30 kila upande wa mahali pale waliikuta pia nyundo, wakampa habari Whatling. Hiyo haikuhitaji hakimu wala tathmini. Mwenyewe alikuwa hai, na nia yake ya kuirudia ilijulikana. Whatling akaitoa kwa makumbusho, nayo iko huko pamoja na vijiko.