Ngao ya Kukodi: Sierra Leone, 1995 hadi 1997

Mwanzoni mwa 1995 serikali ya Kapteni Valentine Strasser, aliyetwaa madaraka Freetown mwaka 1992 akiwa kijana wa miaka 25, ilikuwa imebanwa kila upande. Waasi wa RUF walikwisha kuteka migodi ya rutili na boksiti, na sasa walikuwa wakiusogelea mji mkuu. Mwezi Mei ikaingia Executive Outcomes, kampuni ya mamluki ya Afrika Kusini iliyoanzishwa na Eeben Barlow mwaka 1989. Wapiganaji wake wengi walikuwa Waangola weusi waliowahi kutumikia Batalioni ya 32 ya jeshi la makaburu, watu waliopoteza kwao na kubaki na kazi moja tu waliyoijua. Jambo hili husahaulika kila mamluki anapochorwa kuwa mzungu. Kwa mamia machache ya watu na helikopta za kivita za Kirusi, kampuni iliwafukuza waasi pembezoni mwa Freetown, na katika miezi michache ikaikomboa Kono, wilaya ya almasi.

Ushindi huo ulikuwa wa kweli, na anayeukana hawatendei haki wakimbizi waliorudi makwao wala wapiga kura wa 1996 waliomchagua Ahmad Tejan Kabbah. Lakini ninavyoona, serikali ilinunua ushindi bila kupata jeshi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kambini. Wananchi walikuwa na neno lao, “sobel”, kwa mwanajeshi anayekuwa askari mchana na mwasi usiku, anayekwenda kupora kijiji kilekile alichopewa akilinde. Mtu wa namna hiyo hatibiwi na kampuni ya kigeni. Anahitaji mshahara unaofika, makamanda wanaowajibika na miaka ya kumrudi. Takriban dola milioni 35 zilikubaliwa kama ujira wa miezi 21, huku Branch Energy, kampuni iliyotajwa sana kuwa na uhusiano na mamluki hao ingawa wahusika walikanusha, ikipata haki ya kuchimba almasi Kono. Askari wa taifa waliyaona hayo yote, waliona pia wawindaji wa jadi wa Kamajor, wanamgambo waliopigana upande wa serikali, wakipewa mafunzo na kupendelewa, na kinyongo kikakua.

Watetezi wa kampuni husema haikushindwa, ilifukuzwa, kwa kuwa Mkataba wa Abidjan wa Novemba 1996 uliitaka iondoke. Ni kweli, na hapo ndipo udhaifu wa mpango mzima unapoonekana. Waasi waliokwisha kupigwa porini waliweza kuivua serikali ngao yake kwa kifungu kimoja cha mkataba, jambo ambalo lisingewezekana kama ngao hiyo ingekuwa jeshi la nchi lenye nidhamu. Husema tena kwamba Umoja wa Mataifa ulitumia fedha nyingi zaidi na bado walinda amani wake mamia kadhaa wakatekwa Mei 2000. Aibu hiyo haifutiki. Hata hivyo, vikosi hivyo vilibaki, Waingereza wakakaa kulifunza upya jeshi, na Januari 2002 vita vikatangazwa kwisha.

Executive Outcomes iliondoka Januari 1997. Tarehe 25 Mei wanajeshi walivunja gereza la Pademba Road, wakamtoa Meja Johnny Paul Koroma, wakamkabidhi nchi. Naye akawakaribisha RUF waingie Freetown washirikiane naye kutawala.