Ubongo, "cerveau", uti wa mgongo: majina yenye kuchanganya familia ku hospitali

Mtoto ana homa kali, shingo imekaza, anatapika. Munganga anaandika kwenye fishi: "ponction lombaire". Familia inaelezwa kwa Kiswahili: "Watamutoboa uti wa mgongo." Wengine wanakataa palepale, wakiogopa mtoto atabakia kilema. Hapo shida inaweza kuanzia kwenye neno, si kwenye sindano.

Lugha zetu zina neno moja

Kwa kiungo chenyewe, lugha zetu zinasikilizana. Kiswahili kinasema ubongo, Kinyarwanda na Kirundi ubwonko, Kiganda obwongo, Lingala bongo. Ni mzizi mmoja wa lugha za Kibantu. Ndiyo ile "Bongo", jina la utani la Tanzania, juu wanasema kule mtu anaishi kwa akili.

Kifaransa kinagawanya

"Cervelle" ni ubongo wa mnyama wenye kupikwa. "Cerveau" ni ubongo wa mtu katika maneno ya kila siku, lakini kwa waganga wa hospitali ni ile sehemu kubwa ya juu. Vyote vilivyo ndani ya fuvu vinaitwa "encéphale". Sehemu ya nyuma yenye kusaidia mtu asimame bila kuyumba ni "cervelet", yaani ubongo mdogo. Wajerumani nao wanasema "Kleinhirn", maana ileile. Jina la Kilatini, "cerebellum", linasema hivyohivyo.

Hata Kilatini kilikopa. Ngozi ngumu yenye kufunika ubongo inaitwa "dura mater", yaani mama mgumu. Jina hilo lilitafsiriwa kutoka Kiarabu, ambamo ngozi hizo ziliitwa mama wa ubongo. Kifaransa kinaziita "méninges", na kutoka hapo tunapata jina la ugonjwa wa meninjiti.

Uti wa mgongo ni vitu viwili

Kwa Kiswahili, uti wa mgongo ni ile mifupa ya mgongo. Lakini watu wanaita vilevile ule mshipa mkubwa wa fahamu wenye kupita ndani yake, kutoka ubongo kushuka chini. Kifaransa kinatenga: mifupa ni "colonne vertébrale", mshipa ni "moelle épinière". Kisha kinachanganya tena, sababu "moelle" ni pia uboho, ile mafuta ya ndani ya mfupa.

Tanzania na Kenya wanaita meninjiti "homa ya uti wa mgongo". Lakini ugonjwa hauko kwenye mifupa. Uko kwenye zile ngozi zenye kufunika ubongo na mshipa wake.

Sindano inatoa nini?

Sindano inaingia chini ya mgongo, katikati ya mifupa, mahali ule mshipa umekwisha kuishia. Inatoa maji kidogo yenye kuzunguka ubongo na mshipa. Haitoi uboho, haikati mshipa. Maji hayo yanapimwa ili kuona kama kuna vijidudu. Kukawia ni hatari: meninjiti ya bakteria inaweza kuua mtu kwa siku moja. Mwaka 2021, mlipuko wake ulitangazwa huko Banalia, jimbo la Tshopo.

"Ugonjwa wa kichwa"

Munganga akisema "problème cérébral", wengi wanasikia wazimu, na mgonjwa anaanza kufichwa nyumbani. Kumbe inaweza kuwa AVC, ndiyo kiharusi: mshipa wa damu umeziba ao umepasuka ndani ya ubongo. Inaweza kuwa pia malaria iliyopanda kichwani. Yote yanahitaji hospitali haraka.

Familia ina haki ya kuuliza mbele ya kukubali ao kukataa: Ni sehemu gani? Utuonyeshe kwa kidole. Mutatoa nini, na ya kazi gani? Munganga akionyesha kwa mkono, hata neno la Kifaransa halitishi tena.