Padri Aliyefungua Mafumbo

Mtu akikuambia amepika "kile kinachotia viazi utamu", utajua ni nini? Hiyo ndiyo maana ya Indyoheshabirayi, jina la utenzi wa Kinyarwanda wa Padri Alexis Kagame, uliopigwa chapa mwaka 1949. Anayesifiwa humo ni nguruwe! Jina la utenzi halimtaji. Lataja tu kazi yake chunguni.

Padri huyo alikuwa jirani yetu, mtu wa ng'ambo ya mpaka. Alizaliwa mwaka 1912, akapata upadri mwaka 1941. Angali mseminari alianza kuwaendea wazee walioyajua mashairi ya baraza la Mwami, yaitwayo ibisigo, akayaandika. Zamani yalikaa vichwani mwa watu tu, na ndani yake mna habari nyingi za wafalme.

Lakini kuandika peke yake hakukutosha, kwa kuwa watunzi waliyafumba makusudi. Basi Padri Kagame aliuliza maana, kisha akayapanga mafumbo hayo katika namna tatu, katika kitabu chake kilichotoka Brussels mwaka 1951.

Namna ya kwanza, neno hushika mahali pa neno jingine lenye maana ya karibu nalo. Ya pili, sauti ni moja, maana ni mbili. Tuchukue mfano katika Kiswahili: tembo ni mnyama mkubwa, na huko pwani tembo ni pombe ya mnazi. Mtunzi akitaka kumficha mtu aitwaye Tembo, aweza kumwita "mlevya watu". Ya tatu, kitu hutajwa kwa kitu kilicho karibu nacho. Tukisema "kiti kimeamuru", twajua aliyeamuru ni yule akaliaye kiti.

Msomaji asiyejua mambo haya atapotea. Atadhani anasoma habari za pombe, kumbe ni habari za mtu, na historia yote itaharibika mikononi mwake.

Padri Kagame alifariki mwaka 1981. Wazee aliowauliza nao wamekwenda. Kama asingewauliza kwa wakati, tungebaki na maneno mengi kama nyumba iliyofungwa, ufunguo umezikwa na mwenyewe.

Na hapa Goma je? Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kishi: kila lugha ina nyimbo zake na mafumbo yake. Ukimsikia bibi yako akiimba neno usilolielewa, usicheke ukapita. Keti karibu naye, umwulize, uandike. Fanya hivyo leo, angalipo.