Ukumbi na Muziki wa Dansi

Wanafunzi wa Picha ya Ndege, someni polepole, kisha jibuni maswali.

Tangu mwaka 1933, kampuni moja ya Uingereza ilitoa santuri za GV zenye muziki wa Cuba, ziuzwe Afrika. Bendi zetu zikajifunza rumba. Lakini upande mmoja wa santuri ulidumu dakika 3 hivi tu.

Ukumbini mambo ni mengine. Wimbo huanza taratibu, kisha huja chemko, sehemu yenye kasi. Wapigaji huwatazama wachezaji. Sakafu ikijaa, hurefusha chemko. Ikiwa tupu, hukatisha. Basi mchezaji naye husaidia kuutunga wimbo.

Jengo pia lina kazi yake. Katika miaka ya 1950 watu walicheza dansi katika Ukumbi wa Arnautoglu, Dar es Salaam. Ukuta hurudisha sauti. Katika baa ya uwanja wazi sauti hutawanyika, hivyo vipaza sauti huhitajika.

Mwaka 1978 iliundwa Orchestra Mlimani Park, ikaitwa kwa jina la baa ilimopiga. Mtindo wake, Sikinde, una jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Pwani yetu.

Kwa hiyo, ukumbi ukifungwa, haipotei nyumba tu. Hupotea pia mazungumzo kati ya mpigaji na mchezaji, na santuri haiwezi kuyarudisha.

Maswali:
1. Chemko ni nini?
2. Ninyi mngechagua ukumbi au uwanja? Toeni sababu.