Plaiwudi ya sakafu ya mbao

Plaiwudi ya sakafu ya mbao ni plaiwudi inayotumika kama msingi wa vibao vya sakafu vya tabaka nyingi. Juu yake hubandikwa kipande chembamba cha mbao ngumu, kwa kawaida chenye unene wa milimita 2 hadi 6, ambacho ndicho kinachoonekana na kukanyagwa.

Muundo

Plaiwudi hutengenezwa kwa kumenya gogo kuwa tabaka nyembamba, ambazo hupakwa gundi na kukandamizwa kwa joto. Nyuzi za kila tabaka hukingamana na za tabaka inayofuata. Kwa kuwa mbao hutanuka na kusinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kila tabaka huizuia jirani yake. Idadi ya tabaka kwa kawaida ni witiri (3, 5, 7, 9) ili pande zote mbili zivutane sawa na ubao usipinde.

Matumizi ya mninga

Wilaya za Kibondo na Kasulu, Mkoa wa Kigoma, zina misitu ya miombo yenye mninga (Pterocarpus angolensis) na mkurungu (Pterocarpus tinctorius). Mninga huchukua miongo mingi kabla ya kufaa kupasuliwa. Mwaka 2022 spishi zote za Pterocarpus za Afrika ziliwekwa katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Ubao wa mninga wa milimita 20 ukipasuliwa kwa msumeno mwembamba hutoa vipande 4 vya milimita 4, hivyo hufunika eneo mara nne. Uzito hubebwa na plaiwudi ya miti ya kupandwa, kama misonobari (paini) na mikaratusi inayokuzwa katika Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi.

Kuchagua plaiwudi

* Mti: mkaratusi ni mzito na mgumu, lakini husinyaa sana usipokaushwa vizuri. Msonobari ni mwepesi na laini zaidi.
* Gundi: ya urea-fomaldehidi ni nafuu lakini huachia ikipata maji, ya fenoli-fomaldehidi hustahimili unyevu. Kipande kidogo kikichemshwa, tabaka zisizoshikana vizuri hufumuka.
* Afya: fomaldehidi ni gesi inayosababisha saratani. Daraja la E1 la Ulaya huruhusu isiyozidi miligramu 0.124 kwa mita moja ya ujazo ya hewa.
* Ukingo: ukikatwa usionyeshe mapengo kati ya tabaka.
* Uso: plaiwudi ya kumwagia zege, iitwayo marini, hufunikwa utando laini ambao gundi haishiki vizuri.

Unyevu

Unyevu unaofaa kwa kawaida ni asilimia 8 hadi 12. Kibondo huwa na msimu mrefu wa mvua na kiangazi kikavu. Vibao vilivyotandikwa vikiwa na unyevu wa masika husinyaa kiangazi na kuacha nyufa; vilivyokauka kupita kiasi hutanuka mvua zinaponyesha na kuinuka. Kwa sababu hiyo vibao huachwa siku kadhaa ndani ya chumba kabla ya kutandikwa, na nafasi ndogo huachwa kando ya kuta.