Bastola ya upepo: uchukue mtutu mrefu au mfupi?

Ukitafuta bastola ya upepo ya mashindano ya mita 10, utakuta modeli ileile inauzwa kwa urefu wa aina mbili. Morini CM 162EI ipo ya kawaida na ipo fupi, na Feinwerkbau P44 ni hivyohivyo. Wengi huchukua ndefu bila kufikiri mara mbili, kwa imani kwamba mtutu mrefu ndio unaopiga sawasawa zaidi. Sivyo, na kosa hilo ni ghali, maana hizi si bastola za kununua kwa kubahatisha.

Tuanze na mtutu wenyewe. Risasi ya mm 4.5 hutoka kwa kasi ya karibu mita 150 kwa sekunde. Kasi hiyo hupangwa kiwandani, kwa kudhibiti hewa inayotoka kwenye mtungi, uwe mtutu mrefu au mfupi. Zifunge zote mbili kwenye jiliwa, upige karatasi: kwa mita 10 hutaona tofauti ya maana.

Wapo pia wanaosema risasi "inakaa sana" ndani ya mtutu mrefu, mkono unapata muda wa kuyumba. Piga hesabu: sm 4 za ziada, kwa kasi hiyo, hazifiki hata theluthi moja ya elfu moja ya sekunde. Hayo tuwaachie wauzaji.

Tofauti ya kweli iko kwenye umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Tuseme kilengeo cha mbele kimekaa pembeni kwa mm 0.3 tu. Kama vilengeo vimeachana mm 360, risasi itapotea kwa mm 8 hivi. Vikiachana mm 300, itapotea mm 10. Duara la 10 lina kipenyo cha mm 11.5, na kila duara linalofuata linaongeza mm 8 kila upande. Kwa hiyo hizo mm 2 zinaweza kukushusha kutoka 10 hadi 9.

Hapo bastola ndefu ina haki yake. Lakini kilengeo kilicho mbali kinakuonyesha pia kila mtetemo wa mkono. Mzoefu anauacha utetemeke na kuvuta kifyatulio polepole. Anayeanza anashtuka, anasubiri kitulie, halafu anavuta kwa ghafla, na risasi inaenda chini kabisa.

Halafu kuna uzito. Kanuni za kimataifa zinaruhusu gramu 1,500, na bastola lazima iingie kwenye sanduku la mm 420 kwa 200 kwa 50. Unaishika kwa mkono mmoja, bila kuegemea popote, kwa risasi 60 ndani ya saa 1 na dakika 15. Uzito ukiwa mbele sana unavuta kifundo cha mkono. Risasi ya kumi hutausikia. Ya arobaini utausikia, tena sana.

Basi kabla hujalipa, jaribu hivi. Hakikisha bastola haina risasi wala hewa, inyanyue ukilenga ukuta mtupu, hesabu sekunde 15, shusha, pumzika. Rudia mara 20. Katika zile tano za mwisho, angalia kilengeo cha mbele: kikianza kuzama, chukua fupi. Kijana, au mtu mwenye mkono mwembamba, kwa maoni yangu aanze na fupi moja kwa moja. Vipande vya uzito vya kufunga mbele vipo, ataongeza akishapata nguvu. Kupunguza mtutu ndiko kusikowezekana.

Bastola za burudani zinazotumia vichupa vya gesi ya kaboni ni habari nyingine. Crosman 2240, yenye mtutu wa karibu sm 19, hutoa risasi wakati gesi bado ina nguvu nyuma yake. Ukiifunga mtutu mrefu zaidi, kasi inapanda kweli, na mlio unapungua kidogo.

Kama unaagiza kutoka nje, pitia polisi kwanza. Nchi nyingi huzihesabu bastola za upepo kama silaha za kibali, na mzigo ukishazuiliwa forodhani, urefu wa mtutu haukusaidii kitu.