Selimundu Simiyu: kwa nini tiba isingoje dalili

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa bila dalili yoyote. Miezi ya mwanzo damu yake bado imejaa himoglobini aliyokuwa nayo tumboni, ambayo hainasani. Mama akimpeleka kliniki Bariadi, Maswa au Meatu huambiwa uzito unapanda, arudi mwezi ujao. Himoglobini hiyo ikishapungua, karibu na mwezi wa 6, vidole vinavimba na mtoto analia akiguswa. Hoja yangu ni kwamba huduma inayongoja vidole vivimbe imeshachelewa.

Kasoro yenyewe ni ndogo: katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa himoglobini, valini imekaa palipostahili asidi ya glutamiki. Himoglobini yenye kasoro hiyo ikiachia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, chembe nyekundu ikajipinda na kukwama kwenye mishipa myembamba. Wengu huumia mapema, na ukishadhoofika, bakteria wa nimonia hupenya kirahisi. Ndiyo maana penisilini hunywewa kila siku hadi miaka 5, mtoto akiwa mzima au mgonjwa. Mhudumu asiyejua habari za wengu huiona kama dawa ya kikohozi, na mzazi huiacha mtoto akichangamka.

Kwenye malaria ndiko kunakopotosha wengi. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kuwa mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hukingwa na malaria kali. Takwimu zake za Musoma, jirani zetu wa Mara, zinasema mengi: kati ya watoto wachanga 287, wenye nakala mbili, yaani wagonjwa, walikuwa 9; kati ya watu wazima 654, walikuwa 5 tu. Waliopungua hapo katikati walikufa. Kinga ni ya mwenye nakala moja. Mwenye ugonjwa, malaria humuua upesi, kwa hiyo chandarua na dawa ya kuzuia malaria ni sehemu ya tiba yake.

Utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa 2020 ulipima matone makavu ya damu 17,200 yaliyokwishakusanywa kwa kipimo cha VVU cha watoto wachanga wa kaskazini-magharibi: 20.3% walibeba jeni, 1.2% walikuwa na ugonjwa. Matone hayo tayari husafirishwa hadi Mwanza. Anayesema upimaji wa watoto wachanga hauwezekani kwetu aanze kwa kujibu hilo.

Mtoto akishajulikana, ipo hidroksiyurea, inayorudisha ile himoglobini ya tumboni. Jaribio la nchi 4 za Afrika, ikiwemo Kenya kupitia Kilifi, lilionyesha mwaka 2019 kuwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Ila dawa hiyo hushusha pia chembe nyeupe, na lazima damu ipimwe mara kwa mara. Mashine ya kipimo hicho, pamoja na vitendanishi vyake, ikae hospitali ya wilaya. Mzazi wa Meatu asipande basi hadi Mwanza kwa ajili ya kuhesabiwa chembe tu.